Kabla ya Kununua Amplifaya ya Valvu, Mtafute Fundi Wake

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya vyombo ambavyo kila nyumba huvihitaji: jiko, jokofu, pasi, cherehani. Leo tutazungumza juu ya chombo ambacho hakuna nyumba inayokihitaji, lakini ambacho mtu akishakitamani huwa hashikiki. Chombo chenyewe ni amplifaya ya valvu, yaani mtambo unaokuza sauti ya santuri, redio au gitaa kwa kutumia vichupa vya glasi vinavyowaka, badala ya transista.

Mada hii imetokana na swali la jirani yetu mmoja wa hapa Hai Amarat, mjini Juba. Mzee huyu amestaafu kazi, na mali yake anayoipenda kuliko zote ni sanduku la sahani za santuri, zikiwamo za Mohammed Wardi wa Sudan na za Franco wa Kongo. Kwa miaka kadhaa ameweka akiba kidogo kidogo, na sasa ameletewa picha za amplifaya tatu zinazouzwa Kampala na Nairobi. Aliniuliza, "Ustaz, ipi kati ya hizi ina sauti nzuri zaidi?" Nilimjibu, "Mzee wangu, hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: siku itakaponyamaza, nani ataifungua?"

Jibu hilo halikumfurahisha, wala si ajabu. Mtu anayekwenda kununua kitu cha kumstarehesha hapendi kuanza na habari za kuharibika. Hata hivyo, valvu si kama transista. Transista iliyotengenezwa vizuri yaweza kukaa miaka thelathini bila kuguswa. Valvu huchakaa kwa kutumika, kama utambi wa taa au soli ya kiatu. Kwa hiyo anayenunua amplifaya ya valvu hanunui chombo tu, bali ananunua pia kazi ya kukitunza. Kazi hiyo yaweza kuwa nyepesi au nzito, kwa kadiri ya uchaguzi alioufanya siku ya kwanza.

Valvu ni kitu gani

Valvu ni kichupa cha glasi kilichoondolewa hewa. Ndani yake mna kijiti kinachopashwa moto kwa umeme, na kikishapata moto hutoa chembe za umeme zinazorukia bamba la madini lililo pembeni. Katikati ya viwili hivyo pana wavu mwembamba wa waya. Sauti dhaifu kutoka kwenye santuri, ikiwa katika umbo la umeme, hupelekwa kwenye wavu huo, nayo hutawala mkondo mkubwa unaopita, kama vile kilango kidogo cha mfereji kinavyotawala maji mengi ya shamba.

Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904, na Mmarekani Lee de Forest akaongeza ule wavu mwaka 1906. Redio Omdurman ilipoanza kutangaza mwaka 1940, na Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, mitambo ya kurushia matangazo na redio za wasikilizaji zote zilikuwa za valvu. Transista ilibuniwa Marekani mwaka 1947, na kufikia miaka ya 1970 ilikuwa imekwisha kuziondoa valvu katika redio nyingi za nyumbani. Valvu zikabaki kwa wapiga magitaa na wapenzi wa santuri, ambao husema kwamba sauti yake ni laini na haikwaruzi masikio. Wengine hawaisikii tofauti hiyo. Safu hii haitaamua ugomvi wa masikio ya watu. Itashughulika na mfuko wao na usalama wao.

Umeme wetu, joto letu na umbali wetu

Chombo chochote hupimwa mahali kitakapokaa. Mjini Juba, mtambo wa umeme wa megawati 33 ulizinduliwa mwaka 2019, na kabla ya hapo nyumba nyingi zenye umeme zilitegemea jenereta za watu binafsi. Hata leo jenereta na paneli za jua hazijaondoka uani, kwa kuwa umeme hukatika, na bei yake si ndogo. Sasa tazama jambo hili: valvu nyingi za sauti hutaka volti 6.3 kamili za kupashia moto, na watengenezaji huruhusu zipande au zishuke kwa asilimia kumi tu. Jenereta isiyotulia ikitoa volti 260 badala ya 230, zile volti 6.3 hupanda zikapita 7. Valvu haitakufa siku hiyo, lakini umri wake utakuwa umepunguzwa.

La pili ni joto. Mwezi Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote nchini kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45. Ndani ya amplifaya mna vihifadhi umeme ambavyo mafundi huviita kapasita, na zile kubwa huwa na maji maji ya dawa ndani yake. Kanuni inayojulikana kwa mafundi ni kwamba kila joto linapozidi kwa nyuzi kumi, umri wa kapasita hiyo hupungua kwa nusu. Chombo ambacho kingedumu miaka ishirini katika sebule ya London hakitazamiwi kudumu hivyo katika sebule yenye bati juu na jua la Machi.

La tatu ni umbali. Barabara ya lami kutoka Juba hadi mpakani Nimule ina urefu wa kilomita 192, na vipuri vingi vya umeme hutufikia kwa njia hiyo kutoka Kampala na Nairobi. Hapa mjini mafundi wa simu ni wengi na hodari, lakini fundi aliyezoea valvu ni nadra. Amplifaya yenye transfoma kubwa huwa nzito, na kuisafirisha kwenda na kurudi Kampala kwa ajili ya kipuri kimoja kidogo yaweza kugharimu kuliko kipuri chenyewe.

Mambo matano ya kutazama

Kwanza, tazama aina ya valvu. Viwanda vinavyotengeneza valvu za sauti vimebaki vichache duniani: kuna cha Čadca nchini Slovakia, cha Saratov nchini Urusi, vya China na kimoja kimoja kwingineko. Mwezi Machi 2022, biashara ya valvu za Urusi ilipotiwa shaka kwa sababu ya vita vya Ukraine, bei zilipanda kila mahali. Funzo lake ni kwamba tuchague amplifaya inayotumia valvu zinazotengenezwa na nchi zaidi ya moja. Valvu kubwa za EL84, EL34 na 6L6, na ndogo za ECC83 na ECC82, ni za namna hiyo. Amplifaya inayotumia valvu iliyoachwa kutengenezwa tangu zamani ni kama gari lisilo na matairi yake sokoni, hata liwe zuri namna gani.

Pili, hesabu valvu. Kila valvu ni kipuri kimoja zaidi cha kununua. Zipo amplifaya ambazo kila upande wa sauti una valvu kubwa moja tu. Nyingine zina mbili mbili zinazofanya kazi kwa kupokezana, na hizo hapana budi zinunuliwe kwa jozi zilizopimwa zikalingana. Ile yenye moja moja haihitaji jozi. Ikiharibika moja, unaweza kubadili hiyo moja. Nguvu yake ni ndogo, mathalani wati tano kwa EL84 moja, lakini kwa chumba cha kawaida na spika zenye usikivu mzuri, yaani zilizoandikwa desibeli 90 au zaidi nyuma yake, nguvu hiyo yatosha.

Tatu, uliza kama valvu hujirekebisha zenyewe. Kila valvu kubwa hupitisha mkondo fulani hata kama hakuna muziki. Katika amplifaya nyingine mkondo huo hujirekebisha wenyewe kwa kipuri kidogo kilichowekwa chini ya valvu. Mwenye nyumba huchomoa valvu iliyochoka, akachomeka mpya, na kazi imekwisha. Katika nyingine, kila valvu mpya ikiwekwa, hapana budi mkondo upimwe kwa mita na skrubu izungushwe mpaka kipimo kitimie. Zipo ambazo kipimo na skrubu zimewekwa nje, na hilo si baya. Zile zinazodai chombo kifunguliwe na kupimwa tumboni kikiwa kinawaka si za mtu asiye na fundi karibu.

Nne, tazama jinsi ilivyoundwa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Muulize muuzaji akuonyeshe picha ya chini yake ikiwa imefunguliwa. Soketi za valvu zilizofungwa kwenye bati gumu, zikaunganishwa kwa waya zinazoonekana, ni rahisi kutengenezwa na fundi yeyote ajuaye kulehemu na kusoma mchoro. Soketi zilizolehemiwa juu ya bodi nyembamba hupata joto la valvu kila siku, na baada ya muda bodi huweza kuungua na njia zake kubanduka. Kadhalika uliza kama kapasita kubwa zinafikika bila kubomoa nusu ya chombo, na kama zimeandikwa nyuzi 105. Zilizoandikwa nyuzi 85 hazifai sana kwa hali yetu.

Tano, soma kibandiko cha umeme na udai karatasi. Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Chombo cha Marekani hutaka volti 120, na cha Japani volti 100. Ukikichomeka moja kwa moja ukutani kitaungua. Ukikinunulia transfoma ya kushusha umeme umeongeza gharama na joto, na transfoma yake ya ndani iliyokusudiwa mizunguko 60 yaweza kupata moto zaidi kwa mizunguko yetu 50. Karatasi ninazosema ni mchoro wa saketi wenye volti za kila sehemu. Fundi mwenye mchoro hutengeneza. Fundi asiye na mchoro hubahatisha kwa fedha zako.

Amplifaya tatu za mzee

Tulikaa na yule mzee tukazipima zile amplifaya zake kwa mambo hayo matano. Ya kwanza ilikuwa kubwa, yenye valvu nne za EL34, inang'aa kama taa ya kanisa. Lakini ilikuwa ya volti 120, na marekebisho yake yalikuwa ya kufungua chini. Ya pili ilikuwa ya miaka ya 1960, yenye ubao mzuri uliosuguliwa, na bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Muuzaji hakuwa na mchoro, wala hakujua kama kapasita zake ziliwahi kubadilishwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kapasita zenye umri wa miaka sitini hapana budi zibadilishwe kabla ya chombo kuwashwa, na bei hiyo ya chini ingepanda mara tu fundi atakapoifungua. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya volti 230, yenye EL84 moja kila upande, inayojirekebisha yenyewe, na mchoro wake umo ndani ya kitabu chake.

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akisikiliza tangu mwanzo, aliuliza swali lililotupita sisi wawili: "Na hiyo kubwa, itakula umeme kiasi gani?" Swali hilo lilikuwa la maana. Amplifaya ya valvu nne za EL34 yaweza kutumia karibu wati 200, na katika amplifaya nyingi za namna hii matumizi hayapungui sana hata muziki ukipigwa kwa sauti ya chini. Kwa saa tatu kila jioni, hizo ni yuniti 18 kwa mwezi. Ile ndogo hutumia chini ya nusu ya hapo.

Kisha tukapiga hesabu ya valvu. Saa tatu kila jioni ni karibu saa 1,100 kwa mwaka. Valvu kubwa zikitunzwa hudumu saa 2,000 hadi 5,000, yaani miaka miwili hadi minne na zaidi. Ndogo zaweza kufika saa 10,000, yaani miaka tisa. Kwa hiyo mwenye chombo kile kidogo atarajie kununua valvu mbili kubwa kila baada ya miaka mitatu hivi. Mwenye kile kikubwa atanunua nne, ghali zaidi, zilizolinganishwa, na atamlipa fundi wa kuzirekebisha, akimpata.

Mzee alikaa kimya, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umekwisha kuipenda ile inayong'aa. Mwishowe alisema kwamba akiba yake ni ya mara moja, haitarudi tena. Akachagua ile ndogo, na sehemu ya fedha zilizobaki akaitenga kwa mambo mawili: seti moja kamili ya valvu za akiba, na stebilaiza ya umeme. Kwa maoni ya safu hii, hizo ni fedha zilizotumika vizuri. Valvu isiyotumika haiozi. Ikifungwa vizuri na kuwekwa pasipo na mtikisiko, itangoja miaka mingi.

Utunzaji usiohitaji fundi

Washa jenereta kwanza, ingoje itulie, ndipo uwashe amplifaya. Na uizime kabla mafuta hayajakwisha. Ikiwa unatumia umeme wa jua, inveta iwe ya mawimbi laini, kwa maana zile za bei rahisi huleta mvumo katika spika na joto katika transfoma. Usiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa, kwani transfoma ya kutolea sauti yaweza kuharibika, nayo ndiyo kipuri cha ghali kuliko vyote. Iache nafasi ya kupumua pande zote. Wakati wa kiangazi, vumbi lipanguswe kwa brashi laini, chombo kikiwa kimechomolewa na kupoa.

Valvu yenyewe hutoa dalili. Ndani ya glasi mna doa linalong'aa kama fedha. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa. Bamba la ndani likiwaka jekundu, zima mara moja na usiwashe tena mpaka fundi aone. Upande mmoja ukikwaruza au kunyamaza, zima, ngoja ipoe, kisha badilishana valvu za aina moja kati ya kulia na kushoto. Kasoro ikihama pamoja na valvu, umekwisha kumpata mkosaji bila kumlipa mtu. Kasoro ikibaki palepale, tatizo limo ndani, na hapo kazi yako imekwisha.

Nasema imekwisha kwa sababu tumboni mwa chombo hiki mna volti 300 hata 400, na kapasita huweza kuzihifadhi hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Umeme huo huua. Asiyefundishwa namna ya kuuondoa asifungue bati la chini, hata akiwa na bisibisi nzuri na nia njema. Glasi ya valvu kubwa nayo hufika karibu nyuzi 200. Nyumba yenye watoto ichague amplifaya yenye kizimba cha waya juu yake, na kizimba hicho kisivuliwe kwa ajili ya kuwaonyesha wageni.

Maswali ya kukata na kuhifadhi

Msomaji anayekusudia kununua na ayakate maswali haya, aende nayo kwa muuzaji. Valvu zake ni za aina gani, na zinatengenezwa nchi ngapi leo? Seti nzima ya valvu ni bei gani? Zinajirekebisha zenyewe? Ni ya volti ngapi na mizunguko mingapi? Mchoro wa saketi uko wapi? Kapasita zake zina umri gani? Mwisho, fundi gani aliye karibu nami atakubali kuitengeneza baada ya kuuona mchoro huo?

Swali hilo la mwisho lijibiwe kabla fedha hazijatoka mfukoni. Mpelekee fundi mchoro na picha, mlipe kidogo kwa muda wake, umsikilize. Akisema hawezi, amekuokoa na hasara. Na kama hakuna fundi wala vipuri, nunua amplifaya ya transista iliyo imara, uweke sahani yako, ufurahi. Nyimbo ni zilezile, wala hapana aibu yoyote. Bali kama vyote viwili vipo, basi utakuwa na chombo ambacho wajukuu wako watakikuta kinafanya kazi, kwa kuwa kila kipande chake chaweza kutolewa na kurudishwa kwa mkono. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika amplifaya ya valvu ufa huzibwa siku ya kuchagua.